Kabla hujaingia kazi ya barabarani, shughulikia masikio yako kwanza

Saivi vijana wengi wanaingia kazi za barabarani, ukonda, bodaboda, bajaji, kupiga debe kituoni, kufagia lami, kuongoza magari, kuuza maji na karanga kwenye foleni, na kabla ya kuanza mtu anaulizia kila kitu, anaulizia hesabu ya siku ni shingapi, leseni, mafuta nani anaweka, fulana ya kung'aa ataipata wapi, ila masikio hayaulizi mtu. Na masikio ndo kitu ambacho ukikosea mwanzoni hamna pa kurekebishia. Mguu ukivunjika unafungwa bandeji ngumu, jicho linavalishwa miwani, lakini usikivu ulioliwa na kelele haurudi kwa sindano wala kwa operesheni, na unaondoka bila kuuma, ndo maana nasema ulinzi wote uko kabla, baada inabaki kusaidiwa tu.

Elewa kwanza kinachoharibika ni nini. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ile ngoma, kuna sehemu iliyojiviringa inaitwa koklea, humo kuna seli zenye vinywele vidogo sana, kama 15,000 hivi kwa kila sikio, ndizo zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Binadamu anazaliwa nazo na zikifa haziji nyingine. Kelele kubwa inavilaza hivyo vinywele kama nyasi zilizokanyagwa, mwanzoni ukipumzika usiku vinainuka tena, asubuhi unajiona uko poa, lakini ukikanyaga hapohapo kila siku miezi na miaka havinyanyuki tena. Kwaiyo ile hali ya kushuka kwenye gari usiku masikio yameziba, au yanalia mlio mwembamba ukilala, usiichukulie ni uchovu wa kazi, hapo sikio limeshazidiwa siku hiyo.

Zinazotangulia kufa ni seli zinazoshika sauti nyembamba, kwenye hezi 3000 mpaka 6000, hezi ndo kipimo cha wembamba au unene wa sauti, na hasa pale kwenye 4000. Hapa ndo watu wengi wanapodanganyika, maana sauti nzito unaendelea kuzisikia vizuri tu, unasikia injini, unasikia lori linakuja, unasikia mtu anaongea, sasa utajiambiaje kwamba unapoteza masikio? Kinachopotea ni zile herufi zinazotoka kwa pumzi, s, f, t, sh. Konda anaambiwa "mia sita" anasikia "mia tisa", abiria anasema shusha hapo yeye hajaipata, mpaka gari zima lipige kelele. Nyumbani mke anaambiwa aongee kwa nguvu alafu akiongea kwa nguvu anaambiwa mbona unafoka, watoto wanazoea kwamba baba hasikilizi. Wengi wanakuja kushtuka wakati sauti za kawaida za maongezi nazo zimeshaguswa na hapo imeshapita miaka.

Sasa, kabla hujakubali kazi, nenda ukasimame pale utakapokuwa unafanyia, saa ya foleni, usiende Jumapili asubuhi. Kama ni Dar nenda Ubungo jioni, au Buguruni, au Tazara, au popote kwenye barabara ya Mandela malori ya bandarini yanapopita, simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja muongee. Kama inabidi upandishe sauti ndo akusikie, chukulia hapo kelele imefika desibeli 85 au zaidi, desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Hiyo ya kuongea ni njia ya kienyeji lakini wataalamu wa usalama kazini nao wanaitumia. Kuna programu za kupima kelele kwenye simu, zinasaidia kupata picha, ila usiziamini mpaka namba ya mwisho maana maiki za simu zinatofautiana sana. Na ukisimama chini ya daraja la juu kumbuka zege linarudisha sauti, pale chini kunavuma kuliko ukisogea pembeni penye uwazi.

Kwanini 85? Taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, NIOSH, inasema 85 mwisho saa 8 kwa siku, na kila ikipanda desibeli 3 mda unakatwa nusu, yaani 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, ukifika 100 una dakika 15 tu. Desibeli hazihesabiki kama shilingi, tatu zaidi maana yake nguvu ya sauti imekuwa mara mbili. Wenzetu Kenya kanuni zao za kelele kazini za mwaka 2005 zinataja 90 kwa saa 8, kwa mtazamo wangu hiyo iko juu, wewe shika 85.

Lakini hayo yote yamehesabiwa kwa mtu wa saa 8, na nani barabarani anafanya saa 8? Konda anaamka gizani gari linatoka saa kumi na moja alfajiri linalala saa nne usiku, hizo ni saa 17. Ukipiga hesabu ileile, mtu wa saa 12 kiwango chake kinashuka mpaka kama 83, mtu wa saa 16 kinakuwa 82. Ndani ya gari kwenye foleni ya mjini kawaida ni 80 mpaka 85 na hapo muziki haujafunguliwa, pikipiki inafika kama 95, honi ya gari umbali wa mita 5 ni kama 100. Mtu atakuambia barabara sio kiwanda, mbona kelele zake za kawaida. Ni kweli wastani wa barabarani mara nyingi hauko juu kama wa mashine ya kukata vyuma, ila mwenye mashine anaizima saa kumi jioni anaenda nyumbani, wewe huna swichi ya kuzima Morogoro Road. Urefu wa siku ndo unaokuumiza, na honi zinazokupiga karibu na uso, na ukweli kwamba hamna siku ya kupumzika.

Kitu cha tatu na kwangu mimi ndo kikubwa kuliko vyote, pima masikio kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Sio baada ya kuona tatizo, kabla. Nenda kliniki ya masikio, pua na koo, hospitali za rufaa zinazo, Muhimbili wapo, KCMC Moshi wapo, mkoani kwako ulizia hospitali ya mkoa watakuelekeza. Waambie unataka kipimo cha usikivu kwa ajili ya kazi, watakuingiza kwenye chumba kimya, watakuvalisha hedifoni, ukisikia mlio hata mdogo unabonyeza au unanyoosha mkono, wanapima sauti nzito mpaka nyembamba, kila sikio peke yake. Hakiumi. Ukitoka pale wanakupa karatasi yenye mchoro, hiyo karatasi itunze, ipige picha, itume kwa mtu wa nyumbani, maana bila hiyo huko mbele hamna atakayejua masikio yako yalikuwaje kabla, na wewe mwenyewe hutajua kama umeshuka au ulizaliwa hivyo.

Kabla ya kipimo hakikisha umekaa kama saa 14 bila kelele, yaani usitoke kwenye gari ukaingia moja kwa moja, wala usilale na muziki masikioni, kwasababu sikio lililochoka litatoa majibu mabaya kuliko hali yake. Na waombe wakuangalie nta kwanza. Kuna watu wamehangaika mwaka mzima wanadhani ni uziwi kumbe nta imejaa imegandamana. Na hapohapo niombe, acheni kuchokonoa sikio na njiti ya kiberiti, kalamu, ufunguo wa pikipiki, hata pamba za vijiti, unaisukuma nta ndani na siku moja unatoboa ngoma.

Jibu likitoka, namba yake ni sauti ndogo kabisa unayoweza kuisikia, Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya desibeli 20 kuwa ni usikivu wa kawaida, 20 mpaka kabla ya 35 ni upungufu mdogo, 35 mpaka kabla ya 50 wa kati. Ila usiangalie wastani peke yake, muulize mtaalamu akuonyeshe pale kwenye 4000 pamekaaje, pakiwa pamezama kama shimo na pande zote mbili pako juu, hiyo ni alama inayojulikana ya kelele. Ukiingia kazini ukiwa na hilo shimo tayari, labda ulikuwa kwenye mashine ya kusaga au kiwanda cha mbao kabla, haimaanishi usifanye kazi, inamaanisha wewe huna akiba ya kuchezea. Alafu rudia kipimo baada ya mwaka, na kila mwaka. Siku ya Usikivu Duniani ni tarehe 3 Machi, ulizia hospitali ya karibu yako karibu na siku hiyo kama kuna upimaji wa jamii. Na hilo Shirika la Afya lina programu yao ya simu ya kujipima inaitwa hearWHO, ni ya bure, haichukui nafasi ya hospitali lakini ni bora kuliko kukaa gizani.

Kama umeajiriwa rasmi kwenye kampuni, kipimo hiki sio hisani. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na inataka mfanyakazi apimwe afya anapoanza, akiwa kazini na anapoondoka. Sasa tatizo kwenye upimaji wa aina hii ni kwamba watu wanapimwa presha, macho, mkojo, basi wanasainiwa. Uliza kwa heshima, daktari, na masikio? Kazi yangu ni barabarani. Swali dogo hilo.

Vizibo vya masikio. Kuna vile vya sponji laini, bei yake sio kubwa, vinapatikana maduka ya vifaa vya usalama kazini na baadhi ya famasi. Namna ya kuvaa ndo watu wanakosea, wanakiweka mlangoni tu mwa sikio kama kofia. Nawa mikono, kisokote na vidole mpaka kiwe chembamba, mkono mwingine upite nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, alafu kishikilie na kidole nusu dakika kinavyojaa. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito kichwani kimekaa vizuri. Namba ya desibeli kinazopunguza iliyoandikwa kwenye pakiti ni ya maabara, kwa watu wa kawaida kwenye sponji hesabu nusu yake, imeandikwa 30 jua unapata kama 15. Na pamba ya kawaida ya famasi unayoiviringisha, hiyo haizuii kelele ya maana, inakupa moyo tu.

Hapa pia nataka tuwe waangalifu, mtu wa barabarani anahitaji kusikia gari. Usichukue kizibo kikali kuliko vyote ukajikuta hujui lori linarudi nyuma. Lengo ni kelele inayokufikia iwe 75 mpaka 80 hivi, na kwa barabara zetu kupunguza 10 mpaka 15 inatosha kabisa. Kuna vizibo vya plastiki vyenye tundu la kuchuja, wanamuziki wanavitumia, vinapunguza sauti zote kwa usawa ili maneno yabaki yanaeleweka, kwa konda na anayeongoza magari hivyo ni bora kuliko sponji ingawa bei imechangamka. Vizibo havigawanywi, sio leo unavaa wewe kesho deiwaka, yule anayekushikia zamu, na sikio likitoa usaha usivae kitu mpaka utibiwe. Bodaboda wewe kabla ya kizibo angalia helmeti, ile iliyobana vizuri na yenye kioo inapunguza kelele ya upepo, na upepo ukishakimbia barabara kuu unaweza kuzidi kelele ya injini yako mwenyewe. Helmeti ya kuning'inia kwenye kiwiko haikingi kichwa wala sikio.

Alafu kagua gari au pikipiki kabla hujaichukua. Eksozi imetoboka? Imetolewa kizuia sauti ili pikipiki ivume? Kataa au omba irekebishwe, mwenye chombo hakai juu yake siku nzima, unakaa wewe. Spika za muziki zimefungwa wapi? Kwenye daladala nyingi liko moja kubwa karibu na mlango, yaani kichwani kwa konda. Ongea na dereva mapema lisogezwe au sauti iwe na mwisho, na mkubaliane kabla siku haijachafuka, maana mkiwa kwenye foleni saa mbili asubuhi kila mtu kapandisha hasira hamtaelewana. Dereva naye ajue sikio la upande wa dirisha, kwa kwetu la kulia, ndo linalopokea moja kwa moja, kupandisha kioo mnapokuwa kwenye mlolongo wa malori inasaidia. Anayepiga debe au kuuza kituoni achague pa kusimama, hatua chache kutoka mdomo wa honi zinabadilisha mambo, ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwa chanzo kimoja cha sauti penye uwazi inashuka kama desibeli 6. Na makonda, ule ubao wa gari mnaougonga kwa kiganja, kichwa kikiwa sentimita chache, ugongeni mkiwa mmenyoosha mkono.

Panga na ukimya. Sikio linahitaji masaa ya kujirudi. Mtu katoka saa 16 za kelele anaingia kwenye basi la mwendokasi au kwa mwenzake akiwa kavaa hedifoni kwa sauti ya mwisho, simu kwa sauti ya mwisho inaweza kufika 105 mpaka 110, hapo umemaliza ulichobakiza. Wakati wa chakula usikae kwenye kibanda kilichopakana na lami, ingia ndani mtaa mmoja, dakika 40 za utulivu katikati ya siku ni kitu kikubwa. Kama mna uwezo wa kupokezana na deiwaka siku moja au mbili kwa wiki, najua ni hela inapotea, lakini fikirieni.

Kuna na vitu vinavyomsaidia adui. Dawa kama gentamaisini na streptomaisini, kwinini, baadhi ya dawa za saratani, aspirini kwa dozi kubwa, hizi zinaweza kugusa sikio, hivyo ukienda hospitali mwambie daktari kazi yako iko kwenye kelele, sio useme dereva tu. Usikatishe dawa uliyoandikiwa eti kwasababu umesoma hapa, muulize. Moshi wa eksozi una kaboni monoksidi na ikikaa pamoja na kelele madhara kwa sikio yanaongezeka, sigara iko kundi hilohilo. Mwenye kisukari na presha awe makini zaidi, kelele ya barabara yenyewe imehusishwa na magonjwa ya moyo.

Upande wa makaratasi. Shirika la Kazi Duniani limeuweka upungufu wa usikivu unaotokana na kelele kwenye orodha ya magonjwa ya kazi. Hapa Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mchango unatoka kwa mwajiri na sio kwenye mshahara wako, kwaiyo kabla ya kusaini uliza kama mwajiri amesajiliwa. Tatizo liko kwa wengi wetu wa kumpelekea mwenye gari hesabu ya siku, hamna mkataba, hamna barua, kesho mwenye gari anakuambia sikujui. Kwa wale, ingieni kwenye umoja wa kituo au chama cha madereva, mdai mikataba, na mkiwa wengi mnaweza hata kuomba hospitali iwapimie kwa pamoja. Weka daftari, andika ulianza lini, gari gani, masaa mangapi, nani alikuwa na wewe. Ugonjwa wa masikio ya kazini unathibitishwa kwa historia na vipimo, mtu asiyekuwa na vyote viwili anabaki na maneno.

Na mjue Muhimbili wanapandikiza vifaa vya kusikia tangu 2017, ni hatua kubwa kwa nchi na imesaidia watoto waliozaliwa hawasikii, lakini ni gharama kubwa na haimrudishii mtu sikio lake la zamani. Mashine za kuvaa nazo zinasaidia, hasa ukiwahi, usione aibu kuivaa kazini, ila inakuza sauti zote na ukiwa kituoni utaipata kelele yote pia, mtaalamu aijue kazi yako kabla hajaiseti.

La mwisho, likitokea ghafla usisubiri. Umelala ukiwa unasikia vizuri, umeamka sikio moja limezima, au limezima ndani ya siku moja mbili tatu, na pengine kizunguzungu au mlio mkali, nenda hospitali siku hiyohiyo, hilo ni la dharura, kuna dawa zinazoweza kurudisha kitu zikianza mapema na kila siku inayopita nafasi inapungua. Honi ya treni au mlipuko wa tairi la lori pembeni yako alafu damu au maji yakatoka sikioni, usiweke mafuta ya nazi ya moto, usiweke kitunguu, usiweke maji, funika juu kwa kitambaa kisafi uende. Ukifika uwaambie saa ngapi imetokea, ulikuwa umbali gani, dawa unazotumia, na uwaonyeshe ile karatasi ya kipimo cha mwanzo kwenye simu yako.